Moyo Upigao Ovyo: Dawa ya Zamani na Dawa Mpya

Kabla ya kuendelea kusoma, wekeni vidole viwili penye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, mkausikilize mpigo wa damu. Kwa mtu mzima mwenye afya mipigo hufuatana sawasawa, kama ngoma iliyo mikononi mwa fundi. Lakini wako watu ambao mpigo wao hauna mpango: miwili ya upesi, kisha kimya, kisha mmoja dhaifu, kisha mitatu pamoja. Mtu huyo hulalamika ya kwamba pumzi yamwishia akipanda kilima, na ya kwamba usiku moyo wamruka-ruka kifuani. Majirani husema: amerogwa, au: ni mwoga tu. Sivyo. Huo ni ugonjwa wenye sababu zake, na juma hili twataka kuwaeleza jinsi waganga walivyoitafuta dawa yake, kwa maana katika habari hiyo mna fundisho kwa kila jamaa.

Moyo una vyumba vinne. Viwili vya juu hupokea damu, na viwili vya chini huisukuma mwilini. Katika ugonjwa huu vyumba vya juu haviikamui damu tena, bali hutetemeka tu kama majani penye upepo. Waganga huuita fibrilesheni ya atria. Sisi tutauita tetemo la moyo. Tetemo lenyewe si hatari kubwa kuliko zote. Hatari kubwa ni kwamba damu isiyosukumwa vema hutuama, na damu iliyotuama huganda. Bonge moja dogo likichukuliwa mpaka ubongoni, huziba mshipa, na mtu hupatwa na kiharusi: jana alilima shamba lake, leo hawezi kutamka jina la mtoto wake. Uchunguzi uliofanywa miaka mingi katika mji wa Framingham, Marekani, ulionyesha ya kuwa tetemo huzidisha hatari ya kiharusi karibu mara tano.

Mnamo mwaka 1909 Thomas Lewis, mganga wa London, alithibitisha asili ya ugonjwa huu kwa mashine ya kuandika umeme wa moyo, iliyobuniwa na Willem Einthoven wa Leiden. Je, dawa? Hapa wenyeji wa Kivu, mlimwao miti ya kwinini, mtafurahi. Mwaka 1912 mfanyabiashara mmoja Mholanzi alimwambia mganga wake, Karl Wenckebach, ya kwamba akinywa kwinini moyo wake hutulia. Mganga hakusadiki, lakini kesho yake mgonjwa akarudi na mpigo ulionyoka kabisa! Mwaka 1918 Walter Frey, katika Ujerumani, alionyesha ya kuwa kwinidini, ndugu wa kwinini atokaye katika ganda lile lile, ina nguvu zaidi.

Je, mambo yakaisha hapo? Hata kidogo. Kwinidini ilinyosha mpigo wa wengi, lakini baadhi yao iliwaletea mpigo mwingine wa hatari kupita ule wa kwanza. Ndipo waganga wakajifunza kuuliza swali lililo gumu zaidi. Wasiulize tu: je, mpigo umenyoka? Waulize: je, mgonjwa anaishi zaidi na kuishi vema zaidi? Swali hilo halijibiwi kwa mgonjwa mmoja aliyepona. Lataka wagonjwa wengi, wagawanywe kwa kura katika makundi mawili, kila kundi lipate dawa yake, na wote wahesabiwe kwa miaka. Katika uchunguzi mmoja mkubwa, uliotangazwa mwaka 2002, wagonjwa 4,060 wa Marekani na Kanada waligawanywa hivyo: wengine walipewa dawa za kunyosha mpigo, wengine dawa za kuupunguzia mbio tu. Waliotengenezewa mpigo hawakuishi zaidi ya wenzao. Mwaka 2020 uchunguzi mwingine, uliofanywa Ulaya kwa wagonjwa 2,789, ulionyesha ya kuwa kuunyosha mpigo mapema, kabla ugonjwa haujazoea mwili, kwaweza kuwaepusha wengi na balaa. Ndivyo elimu iendavyo: hurekebishwa, haioni haya.

Tuje sasa kwenye dawa ya kuzuia damu isigande. Asili yake ni zizini. Katika miaka ya 1920 ng'ombe wa Kanada na wa kaskazini ya Marekani walikufa kwa kutokwa na damu, baada ya kula majani yaliyooza ghalani. Mwaka 1933 mkulima mmoja wa Wisconsin alisafiri katika theluji akiwa na ng'ombe mfu na chombo kilichojaa damu isiyoganda, akavipeleka kwa mwanakemia Karl Paul Link. Yeye na wasaidizi wake wakatafuta miaka mingi, wakaipata sumu ile. Na katika ukoo wake ikatoka wafarini, iliyouzwa mwaka 1948 kwa kuua panya. Tangu mwaka 1954 ikapewa wanadamu kwa kipimo kidogo. Kumbe sumu ya panya ni mlinzi wa ubongo! Kwa watu wenye tetemo lisilotokana na milango mibovu ya moyo, hupunguza viharusi karibu theluthi mbili. Lakini ni dawa ya kuchungwa: ikizidi, mtu hutokwa na damu, ikipungua, damu huganda. Kwa hiyo damu hupimwa mara kwa mara, na yule akaaye mbali na hospitali hutaabika sana.

Basi dunia ilishangilia zilipotokea dawa mpya zisizohitaji kupimwa damu kila mara. Mojawapo, rivaroksabani, ilijaribiwa kwa wagonjwa 14,264 katika nchi 45, na habari zake zilitangazwa mwaka 2011: haikushindwa na wafarini. Lakini wagonjwa wale walikuwa wazee, nusu yao wenye miaka 73 au zaidi, na wale ambao mlango wa kushoto wa moyo wao umekazana sana hawakupokewa. Na kwetu Afrika, ni nani augua tetemo la moyo? Mara nyingi ni mama kijana, ambaye milango ya moyo wake iliharibiwa utotoni na homa ya baridi yabisi. Je, kilichomfaa mzee wa Ulaya kitamfaa mama huyu?

Wako waliokataa kujibu kwa kukisia. Miongoni mwao alikuwa Bongani Mayosi, mganga wa moyo wa Cape Town, aliyefariki mwaka 2018 kabla ya kuona mwisho wa kazi. Katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini waliandikwa wagonjwa zaidi ya 4,500 wenye baridi yabisi ya moyo na tetemo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 50, na katika kila mia, 72 walikuwa wanawake. Kwa kura, wengine walipewa rivaroksabani, wengine wafarini au ndugu zake. Wengi walitazamia ya kuwa dawa mpya haitashindwa.

Jibu lilitolewa mwezi wa Agosti mwaka 2022. Katika watu 2,275 wa dawa mpya, 560 walipatwa na kiharusi, bonge la damu mahali pengine, shambulio la moyo, au kifo. Katika watu 2,256 wa dawa ya zamani, walikuwa 446. Tena hapakuonekana ya kuwa dawa ya zamani imeleta damu nyingi kuliko mwenzake. Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao.

Kwa nini ikawa hivyo? Waganga hawajapatana. Yafaa tujue ya kuwa wafarini iliwalazimu wagonjwa kuonana na wauguzi mara kwa mara, na wengine wadhani ya kuwa kule kuonana kwenyewe kulisaidia. Lakini jambo hilo halijathibitishwa. Mwanzoni, katika wale waliokuwa wakitumia dawa hiyo, ni kama mmoja kwa watatu tu aliyekuwa na damu ya kipimo kizuri. Baadaye wakawa zaidi ya nusu. Mwathubutu kusema ya kuwa watu wetu hawawezi kushika dawa ngumu? Wameweza, walipopata wa kuwasaidia.

Na sasa tuwageukie watoto. Baridi yabisi ya moyo huanza na koo: mtoto aumwa koo kwa vijidudu, asitibiwe, baadaye viungo huvimba na moyo huingiwa. Huko kaskazini ya Uganda watoto 818, ambao ugonjwa ulikuwa umeanza kimya moyoni mwao, waligawanywa kwa kura; kundi moja lilipigwa sindano ya penisilini kila mwezi kwa miaka miwili. Habari zilitangazwa mwaka 2021: katika waliopigwa sindano ugonjwa uliendelea kwa 3 tu, katika wasiopigwa, kwa 33. Sindano yauma, ni kweli. Lakini kiharusi cha mama wa watoto watano chauma nyumba nzima.

Kwa hiyo, wazazi, mtoto akiumwa koo pamoja na homa, msingoje, mpelekeni dispensari. Mtoto aliyeamriwa sindano za kila mwezi asikose hata moja. Mwenye mpigo usio na mpango na apimwe moyo. Anywaye wafarini asiiache kwa sababu jirani amesifu dawa mpya ya mjini, wala asiongeze dawa nyingine, hata ya miti shamba, bila kumwuliza mganga. Na mwanamke anywaye dawa hiyo amwambie mganga mapema akitaka mtoto au akijiona ana mimba, kwa sababu yaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Nanyi wanafunzi, mwakumbuke wale wagonjwa zaidi ya 4,500, ambao majina yao hatuyajui. Kila mmoja alikubali dawa yake ichaguliwe kwa kura, akarudi mara kwa mara kuhesabiwa, na wengi hawakuuona mwisho. Mgonjwa atakayepewa kesho dawa impasayo, ataipata kwa sababu wao walikubali.