Mwenye kambi alale kambini

MWEZI uliopita nililala usiku mmoja katika yadi ya wasafiri mjini Koboko. Nilikuwa nimemsindikiza dada yangu hadi mpakani Oraba, giza likanikuta njiani, na nyumba za kulala wageni zilikuwa zimejaa. Nikaelekezwa mahali ambapo wafanyabiashara hulala chini ya maturubai pamoja na mizigo yao, wakingoja mpaka ufunguliwe asubuhi. Kijana wa mlangoni alipokea pesa bila kuniuliza jina. Akanyoosha kidole gizani, akasema, "Mzee, tafuta nafasi huko," kisha akafunga geti kwa kufuli na kwenda kulala kwao.

Saa nane za usiku mvua ikanyesha. Yadi ile iko bondeni na haina mtaro hata mmoja. Mama mmoja aliyetoka Ariwara aliona magunia yake ya maharage yakilowa, asijue ayahamishie wapi. Akina mama waliotaka kwenda chooni walingojana wakaenda watatu watatu kwa mwanga wa simu moja, kwa sababu choo kiko nyuma ya malori, hakina taa wala komeo. Mvua ilipopungua, mtoto wa mwenzetu mmoja akaanza kutetemeka kwa homa kali. Tukaligonga geti, tukaita, hapakuwa na wa kuitika. Mwishowe tulimpitisha mtoto juu ya ukuta, akapokewa na kijana wa boda aliyesikia kelele zetu, na mama yake akaruka nyuma yake. Mtoto alipona, namshukuru Mungu. Lakini tangu usiku ule najiuliza swali moja: mwenye kambi alikuwa wapi?

Ndugu wasomaji, sisi watu wa West Nile hatuhitaji kufundishwa maana ya kambi. Mapigano ya mwaka 1980 yalipozuka, familia zetu zilivuka kwenda Zaire na Sudan. Mimi nilivushwa mgongoni mwa mama, nikasomea huko huko Zaire. Mahali petu pa kwanza pa kulala palikuwa uwanja wa kanisa, na mama hadi leo humtaja mzee mmoja aliyekuwa mpokeaji wa wageni pale. Mzee huyo hakuwa na cheo. Mkeka wake ulikuwa karibu na njia ya kuingilia. Aliyefika usiku alipokewa naye, akaonyeshwa maji, choo na mahali pa kuwasha moto, kisha akaambiwa jirani yake ni nani. Mama husema walilala njaa mara nyingi, lakini hawakulala na hofu.

Kazi ya mzee yule inajulikana hata kwa matajiri. Kule Marekani, katika mbuga za taifa ambako watu huenda kupiga kambi kwa starehe, kuna watu wa kujitolea wanaoitwa wenyeji wa kambi. Mwenyeji hupewa kiwanja bila malipo ndani ya kambi, na kazi yake ni kuishi pale pale: kupokea wageni, kuwaeleza kanuni, kuangalia usafi wa vyoo na mioto, na kuita msaada likitokea la kutokea. Katika kambi nyingi za huko, kuanzia saa nne za usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni muda wa utulivu. Ikiwa mtu anayelala hemani kwa kupenda anawekewa mwenyeji, je, mwanamke anayelala juu ya mtaji wake wote asiwekewe?

Kwa maoni yangu, kuendesha kambi vizuri si suala la utajiri. Ni suala la hesabu ndogo na mtu wa kuisimamia. Mashirika ya misaada yana kipimo kinachoitwa Sphere, kilichoanzishwa mwaka 1997. Wengi wetu tulikiona kikitumika wakati ndugu zetu wa Sudan Kusini walipomiminika baada ya vita vya Juba vya Julai 2016, Bidibidi ikafunguliwa kule Yumbe na mwaka uliofuata Imvepi ikapokea watu tena. Kipimo hicho kinasema kila mtu apate angalau lita 15 za maji kwa siku, choo kimoja kisizidi watu 20, na kila mtu apate mita za mraba tatu na nusu chini ya paa. Choo kisiwe mbali zaidi ya mita 50 na mahali watu wanapolala, na shimo lake likae angalau mita 30 kutoka kwenye kisima.

Sasa tupige hesabu ya yadi ya watu 60. Wanahitaji lita 900 za maji, yaani jerikeni 45 za lita 20, au tangi moja la kukinga maji ya mvua ambayo usiku ule yalikuwa yakitufurikia bure. Wanahitaji vyoo vitatu, cha akina mama kikiwa peke yake, chenye komeo kwa ndani na taa ya sola juu ya mlango. Wanahitaji paa la mita za mraba 210. Mtaro unachimbwa kwa jembe kuzunguka mahali pa kulala, ukielekeza maji kwenye mteremko. Moto uwe na sehemu yake, mbali na maturubai na marobota ya mitumba, hasa miezi ya Desemba hadi Machi ambapo nyasi zimekauka na upepo ni mkali. Vichanja vya mbao chini ya magunia vingeokoa maharage ya yule mama.

Jambo lingine ni daftari. Wengi huliogopa wakidhani ni la polisi au la kodi. Lakini mwaka 2019 mgonjwa wa Ebola alithibitishwa pale Ariwara, sokoni kwetu sote. Mtu kama huyo angelala katika yadi zetu, nani angejua aliyelala kando yake, na ameelekea Arua, Kaya au Aru? Jina, mahali atokako, aendako na namba ya simu ya nduguye vinatosha. Daftari likae kwa mwenyeji, lifungiwe, na lisiwe chombo cha kuwadai watu kitu kidogo.

Na mwenyeji awe mtu wa namna gani? Asiwe baunsa. Awe mtu mzima anayeheshimika, mwanamume au mwanamke, na ikiwezekana wawe wawili. Ajue kuamkia watu kwa Kiswahili, Kilugbara, Kikakwa, Lingala na Kiarabu cha Juba, angalau neno la kumtuliza mgeni. Awe na namba za kituo cha afya, za mwenyekiti wa LC1 na za boda anayeaminika. Zaidi ya yote, awe na ufunguo wa geti na alale ndani.

Najua wenye yadi watasema wafanyabiashara ni wabahili, hawatakubali kuongezewa bei. Si kweli. Mfanyabiashara huhesabu hasara kuliko mtu yeyote. Gunia moja lililooza linamgharimu zaidi ya ada ya usiku mwingi. Akijua mahali fulani mzigo wake hulala mkavu na mwanawe hulala salama, atapita yadi tano kwenda huko, na atawaambia wenzake. Tangu barabara ya lami ya kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba ikamilike, watu wanapita kwa wingi na wana uwezo wa kuchagua.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Wenye yadi, mpeni mwenyeji chumba na mshahara, mwachieni ufunguo. Wakuu wa manispaa ya Koboko na jiji la Arua, msitoe leseni ya kulaza watu mahali pasipo na mtu wa kulala nao, vyoo vyenye taa na mtaro. Nasi wasafiri, tuulize kabla ya kutoa pesa: "Mwenyeji ni nani, na analala wapi?" Jibu likiwa ni kidole gizani, tuende kwingine.

Wengi wetu tulipokewa na wageni tulipokuwa hatuna kitu. Si haki mtu apite kwetu leo akiwa na pesa mkononi, halafu alazimike kumrusha mwanawe ukutani.