ECG Ishuke Hadi Kituo cha Afya

Hakuna sababu ya maana inayozuia kila kituo cha afya Tanzania kuwa na mashine ya ECG, ile inayochora umeme wa moyo kwenye karatasi. Hakuna. Bei ya shangingi moja jipya la kigogo inatosha kununua mashine za vituo vya wilaya nzima. Lakini shangingi linapatikana, na mgonjwa anayezimia mara tatu kwa wiki anaambiwa apunguze chumvi, anywe maji mengi, akapumzike.

Namsema mgonjwa ambaye kila muuguzi amewahi kukutana naye. Mzee anaanguka ghafla shambani, dakika moja baadaye anafumbua macho na kuuliza kumetokea nini. Ndugu wanasema kifafa. Jirani anasema kuna mkono wa mtu. Anazungushwa kwa mganga, anapelekwa kwenye maombi, mwisho anafikishwa zahanati na kupimwa malaria na presha. Mashine ya presha inatoa namba tatu. Mbili zinaandikwa kwenye daftari. Ya tatu, ya mapigo ya moyo, inasoma 34, na hakuna anayeishughulikia. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Mzee anayeangukaanguka akiwa na mapigo 34 ni dharura, na sisi tunamwandikia panadol!

Mlazeni mzee huyo, mbandikeni nyaya kumi za ECG kifuani, mikononi na miguuni, muone karatasi inavyosema. Vivimbe vidogo, ambavyo ni umeme wa vyumba vya juu vya moyo, vinapita kwa mwendo wake. Michongoko mirefu, ambayo ni umeme wa vyumba vya chini, inatokea mmoja hapa na mwingine kule mbali, bila kufuatana na vile vivimbe. Umeme wa juu haufiki chini. Kazi yote haimalizi nusu saa, na jibu liko wazi: anahitaji betri ya moyo.

Nani atathubutu kusema hayo ni mambo mapya? Willem Einthoven wa Uholanzi alipewa Tuzo ya Nobel kwa kipimo hicho mwaka 1924. Mwaka 1958 nchini Sweden, Arne Larsson alikuwa akizimia mara nyingi kwa siku. Mkewe aliwang'ang'ania daktari Åke Senning na mhandisi Rune Elmqvist mpaka wakakubali kumtengenezea betri ya kupandikizwa mwilini, wakaifinyanga ndani ya kopo la dawa ya viatu. Ya kwanza iliharibika ndani ya saa chache. Hawakukata tamaa, Larsson alibadilishiwa betri zaidi ya 20 na kuishi hadi 2001, akafa na miaka 86. Hapa kwetu, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka 2015 inapandikiza betri hizo. Tiba ipo Dar es Salaam. Mgonjwa anafia kijijini kwa sababu hakuna aliyemgundua ili ampe rufaa.

Kisha kuna ugonjwa wa mapigo ulioenea zaidi na usio na kelele. Vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka ovyo, damu inatuama na kuganda, bonge linakimbilia ubongoni. Asubuhi baba anaamka mkono na mguu wa upande mmoja havifanyi kazi. Mwenye hali hii hatari yake ya kupata kiharusi ni takribani mara tano ya asiye nayo, na dawa za kuzuia damu kuganda huipunguza kwa karibu theluthi mbili. Warfarini ni ya bei nafuu, lakini inadai kipimo cha INR, cha kasi ya damu kuganda, mara kwa mara. Kuigawa mahali pasipo na kipimo hicho ni kumchezea mgonjwa bahati nasibu. Shirika la Afya Duniani liliingiza dawa mpya zisizodai kipimo hicho kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019. Wenye vali iliyobana kutokana na homa ya baridi yabisi bado wanahitaji warfarini, lakini dawa hizo mpya zingewafaa wengine wengi. Mbona duka la dawa la hospitali ya wilaya halina?

Nawajua watetezi wa hali hii. Watasema hatuna wa kusoma ECG. Karatasi inapigwa picha kwa simu na kutumwa kwa bingwa wa hospitali ya rufaa. Simu ziko hadi porini. Watasema betri ni ghali. Ni kweli, na ndiyo maana tunachanga bima. Na kumuuguza baba aliyepooza miaka kumi, binti akiacha shule ili amgeuze kitandani, ni bei rahisi? Gharama hiyo haionekani kwenye vitabu vya wizara kwa sababu inabebwa na maskini.

Waziri wa Afya atupe tarehe: lini kila kituo cha afya kitakuwa na ECG, karatasi zake na mtu aliyefundishwa kuitumia? Wabunge wasipitishe bajeti ya magari kabla ya jibu hilo. Wauguzi na waganga wasisubiri bajeti: vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, dakika nzima, mkihesabu na kusikiliza kama mapigo yana mpangilio. Hilo halina gharama.

Nawe msomaji, ndugu yako akizimia bila sababu, msitoke hospitalini kabla mapigo yake hayajahesabiwa na kuandikwa. Dai ECG. Wakisema haipo, dai rufaa kwa maandishi. Wakisema ni uchovu tu, bakini palepale na mdai tena.