Aya Tunazoziruka



Kila mwaka, siku ya akina mama inapowadia, husomwa makanisani mwetu sura ya 31 ya Kitabu cha Mithali, sifa za mke mwema. Tunaanzia aya ya 10. Zile zinazotangulia tunaziruka. Humo mama yake mfalme Lemueli anamwonya mwanawe juu ya kileo, anawataja wanaokunywa ili wausahau umaskini wao, na papo hapo anamwagiza awe msemaji wa wasio na sauti. Ulevi, umaskini na haki vimo katika aya sita tu.

Hayo tunayaona Mathare, Korogocho na Mukuru, hapa Nairobi. Baba huamka alfajiri kwenda kutafuta kibarua viwandani. Ifikapo saa tatu malango yamefungwa. Shilingi chache alizo nazo hazilipi kodi ya nyumba wala karo, ila zinatosha glasi ya chang'aa. Hapo ndipo tumaini linapoanza kufa, hata kabla ulevi haujamshika: siku anapoona kwamba fedha yake haiwezi kununua chochote cha kesho. Baadaye mwili wenyewe humdai, naye hunywa kwa deni, na kibarua kikipatikana ujira huwa umekwisha liwa. Watoto hujifunza kutoomba kitu. Mtoto aliyeacha kuuliza ni lini atarudi shuleni anatutia hofu kuliko yule anayelia njaa.

Sheria hazikukosekana. Chang'aa ilipigwa marufuku mwaka 1980, na sheria ya mwaka 2010 ikairuhusu kwa masharti. Novemba 2000, zaidi ya watu 100, wengi wao wakazi wa Mukuru, walikufa kwa pombe yenye methanoli, wengine walipofuka.

Lakini hatukukusudia kuisema serikali. Mama anayepika chang'aa kando ya Mto Mathare ni muumini mwenzetu. Tunamnyima uongozi, na zamu ya sala ikifika nyumbani kwake tunapata udhuru. Hatusemi kazi yake ni njema, kwa maana inaua. Ila ni nani kati yetu aliyemuuliza karo ataitoa wapi akiiacha? Na mwenye baa kubwa, aliye na leseni ukutani, hukaa kiti cha mbele siku ya harambee, jina lake likitangazwa kwa vigelegele. Tofauti ya hawa wawili mbele ya Mungu hatuijui. Mbele yetu, twaogopa, ni kiasi cha mchango.

Kwa hiyo tunayaomba mabaraza ya parokia mambo mawili. Fedha za akiba za jumuiya zimkopeshe mama huyo mtaji wa kuuza mboga au mandazi, bila kumtaka kwanza aungame hadharani. Ukumbi wa parokia nao ufunguliwe jioni moja kila wiki kwa wanaotaka kuacha pombe, wakutane wao kwa wao, kama wanavyofanya Alcoholics Anonymous tangu mwaka 1935. Tahadhari moja, ambayo viongozi wengi hawaifahamu: aliyekunywa sana kwa miaka mingi asishauriwe kuacha ghafla akiwa peke yake, kwa kuwa degedege linaweza kumwua. Apelekwe kwanza hospitalini, na mtu wa jumuiya afuatane naye.

Nayo sala ya jumuiya ya wiki ijayo ifanyike katika nyumba ile tuliyozoea kuipita.