Viwanda vya Chapa na Usalama wa Kompyuta: Ni Kipi Chenye Hatari Zaidi?

Mwalimu wa shule ya sekondari huko Mangapwani, katika Wilaya ya Kaskazini B, Unguja, anapotaka kuchapisha mtihani wa majaribio wa wanafunzi wake, aghalabu huwa na njia tatu mbele yake. Aweza kuutia mtihani huo katika flashi, akapanda gari hadi mjini, na kuukabidhi kwa duka dogo la fotokopi katika mitaa ya Darajani. Aweza kuupeleka kwenye kiwanda kikubwa zaidi chenye mitambo ya ofseti. Au aweza kuutuma kwa barua pepe kwa kampuni iliyoko Dar es Salaam, na karatasi zilizochapwa zikavuka bahari kwa boti. Swali la kwanza analouliza ni la bei, na la pili ni la siku. Swali la tatu, yaani ni nani kati ya hao watatu ambaye kompyuta zake zitautunza mtihani huo usitoke, usibadilishwe wala usipotee, huulizwa kwa nadra. Na likiulizwa, hujibiwa kwa kukisia.

Makisio yenyewe yanajulikana. Husemwa kwamba kampuni kubwa ni salama kuliko ndogo, na kwamba ya ng'ambo ni salama kuliko ya hapa nyumbani. Yafaa makisio hayo yapimwe kwa mambo yaliyokwisha kutokea.

R.R. Donnelley ya Chicago, Marekani, ni kampuni ya uchapaji iliyoanzishwa mwaka 1864, na wateja wake walihesabiwa kuwa takriban 22,000. Mwishoni mwa mwaka 2021 wadukuzi waliingia katika kompyuta zake. Si kweli kwamba kampuni hiyo haikuwa na walinzi. Mitambo yake ya kugundua wavamizi ilianza kutoa ishara za hatari tangu tarehe 29 Novemba, na kampuni nyingine iliyokodiwa kusimamia ishara hizo ikatoa taarifa. Hata hivyo hatua ya kuzuia uvamizi haikuchukuliwa ipasavyo hadi tarehe 23 Disemba. Katika muda huo wadukuzi walichukua gigabaiti 70 za data, zikiwemo za wateja 29. Mwezi Juni 2024 kampuni ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 2 kwa tume ya Marekani inayosimamia masoko ya mitaji. Hapa kengele ilikuwapo, nayo ililia. Kilichokosekana ni mtu mwenye wadhifa, muda na amri ya kuisikiliza.

Tukio la Singapore la mwezi Aprili 2025 lina funzo la namna nyingine. Benki mbili, DBS na tawi la Bank of China, zilikuwa zimeikabidhi kampuni ya Toppan Next Tech kazi ya kuchapa barua na taarifa za wateja. Kampuni hiyo ilivamiwa kwa programu haribifu, ile inayofunga mafaili ili mwenyewe adaiwe fidia. Taarifa za wateja wapatao 8,200 wa benki ya kwanza na 3,000 wa benki ya pili zikawa mashakani. Benki zote mbili zilieleza kwamba mitambo yao wenyewe haikuguswa. Huo ulikuwa ukweli, lakini mteja ambaye barua yake imesomwa na mwizi hapati faraja kubwa kwa kuambiwa kwamba mlango uliovunjwa ni wa jirani.

Je, basi duka dogo la Darajani ndilo salama? Jibu haliwezi kuwa hilo pia. Walimu wenye umri mkubwa wanakumbuka mashine ya kurudufu na karatasi ya stensili. Mtihani ulipigwa taipu juu ya stensili, ukarudufiwa, kisha stensili ikachomwa moto mbele ya mwalimu mkuu, na siri ikaishia jivuni. Mashine ya kisasa ya fotokopi haina stensili ya kuchomwa. Nyingi zina diski ndani yake, na picha ya kila ukurasa uliopita yaweza kubaki humo mpaka ifutwe makusudi. Huko New York kampuni ya bima ya afya iitwayo Affinity ilirudisha mashine za fotokopi ilizokuwa imezikodi bila ya kufuta diski zake. Mwaka 2010 waandishi wa televisheni walinunua mojawapo ya mashine hizo na kukuta humo habari za wagonjwa. Watu walioweza kuathirika walikadiriwa kufikia 344,579, na mwaka 2013 kampuni ililipa dola 1,215,780. Mashine zilizokwisha kutumika ng'ambo huuzwa Afrika Mashariki kila siku. Na zile zinazotumika hapa huuzwa tena zikichakaa, bila mtu kuuliza kilichomo ndani yake.

Zaidi ya hayo, katika duka dogo kompyuta moja hupokea flashi za watu wote: mwenye kadi za harusi, mwenye risala ya mkutano, na mwalimu mwenye mtihani. Virusi hutoka katika flashi moja kwenda nyingine. Nywila, kama ipo, hujulikana na kila kijana wa zamu. Kwa upande wa pili, mwenye duka hilo anaweza kufanya jambo ambalo kampuni kubwa haliwezi kwa urahisi, nalo ni kuichomoa kompyuta yake kabisa katika intaneti, kuchapa mtihani mwalimu akiwa amesimama kando, na kufuta faili papo hapo. Udogo una udhaifu wake na una nguvu yake.

Ugumu wa kulinganisha unazidi kwa kuwa neno usalama limebeba mambo matatu yasiyofanana: siri, usahihi na upatikanaji. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar tangu mwaka 1870 hadi 1888, alianzisha kiwanda cha chapa ambacho kilichapa vitabu vya fiqhi ya Kiibadhi, kikiwemo kile chenye majuzuu mengi kiitwacho Qamus al-Sharia. Vitabu hivyo havikuwa siri. Vilichapwa ili visomwe. Hofu ya mchapaji ilikuwa herufi kukosewa. Kadhalika mchapaji wa msahafu hana siri ya kuficha, bali herufi moja ikibadilika katika faili kabla ya kufika mtamboni, kazi yote ni ya kutupwa. Mchapaji wa mtihani huogopa siri kutoka. Mchapaji wa gazeti huogopa kuchelewa, kwa kuwa gazeti la leo likitoka kesho limekuwa karatasi ya kufungia karanga. Kiwanda kimoja chaweza kuwa bora kwa msahafu na kibaya kwa mtihani.

Kuhusu upatikanaji, Unguja ina somo lake. Tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kilikaa takriban miezi mitatu bila ya umeme kutoka Bara. Na tarehe 12 Mei 2024 nyaya za mawasiliano zilizolazwa baharini ziliharibika, intaneti ikadhoofika sana Tanzania na katika nchi jirani. Kampuni inayohifadhi mafaili ya wateja wake katika kompyuta za mbali, bila nakala yoyote kiwandani, haihitaji mdukuzi ili isimame. Inatosha waya kukatika chini ya bahari.

Sasa hesabu kidogo, na tarakimu zifuatazo ni za mfano tu. Chukulia duka dogo lenye uwezekano wa 1 katika 5 wa kuvujisha kazi katika mwaka, nalo linachapa mtihani wa wanafunzi 300. Chukulia pia kampuni kubwa iliyojilinda mara kumi zaidi, yenye uwezekano wa 1 katika 50, lakini inachapa mtihani wa wanafunzi 60,000. Wataalamu hupima hatari kwa kuzidisha uwezekano kwa ukubwa wa madhara. Kwa duka, 300 mara 1/5 ni 60. Kwa kampuni, 60,000 mara 1/50 ni 1,200. Kampuni iliyojilinda mara kumi zaidi imebeba hatari kubwa mara ishirini.

Mwanafunzi makini atapinga, na atakuwa na haki. Kwa shule ya Mangapwani, ambayo wanafunzi wake ni wale wale 300 popote karatasi zinapochapwa, kampuni kubwa bado ni bora, kwa kuwa 1/50 ni ndogo kuliko 1/5. Kwa taifa zima, linalopaswa kuhesabu wote 60,000, mambo hubadilika. Kwa hiyo swali la nani mwenye hatari zaidi halina jibu moja mpaka ijulikane anayeuliza ni nani na ana nini cha kupoteza. Orodha yoyote inayopanga viwanda vya chapa kwa namba, cha kwanza hadi cha mwisho, bila ya kusema ni kwa kazi gani na kwa mteja gani, haistahili kuaminiwa, hata iwe imepigwa mhuri na nani.

Wengine watasema basi kazi igawanywe kwa wachapaji wengi. Hapo pana mtego. Mtihani ule ule ukipewa wachapaji kumi, kila mmoja akiwa na uwezekano wa 1/50 wa kuuvujisha, uwezekano wa wote kuutunza ni 0.98 iliyozidishwa kwa yenyewe mara kumi, yaani takriban 0.82. Uwezekano wa kuvuja umepanda kutoka 2 hadi 18 katika 100. Tena hesabu hiyo huchukulia kwamba wachapaji hao hawategemeani; kama wote kumi wanahudumiwa na fundi mmoja wa kompyuta, au wanatumia programu moja iliyonakiliwa kwa wizi, haifai tena, kwani mdukuzi aliyempata mmoja amewapata wote. Kwa upande wa upatikanaji mambo ni kinyume: wachapaji kumi hawawezi kwa wepesi kusimama wote siku moja. Siri hupenda mikono michache, na upatikanaji hupenda mikono mingi. Hakuna mtambo wa kompyuta uwezao kuondoa mgongano huo.

Gharama ya kukosea si ya nadharia. Mwezi Oktoba 2018 Baraza la Mitihani la Tanzania lilifuta matokeo ya mtihani wa darasa la saba katika shule zote za Wilaya ya Chemba, Dodoma, na katika baadhi ya shule za Dar es Salaam na Mwanza, kwa sababu ya udanganyifu, na watoto wakafanya mtihani upya. Aliyesoma kwa taa ya chemli na aliyepewa majibu waliketi tena katika dawati moja. Siri ya mtihani ikitoka, iwe kwa mkono wa mtu au kwa waya wa kompyuta, mwenye kulipa wa kwanza ni mtoto asiyehusika.

Yapo matumaini kwamba sheria itatosha. Sheria ya Makosa ya Mtandao ni ya mwaka 2015, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Ni sheria za lazima. Lakini wakazi wa Mangapwani wanaishi jirani na ushahidi wa kile ambacho sheria peke yake haiwezi kufanya. Mwezi Juni 1873 Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la Mkunazini likafungwa. Baada ya hapo watumwa walifichwa katika handaki lililochimbwa ndani ya jiwe la matumbawe pale Mangapwani, wakapitishwa kwa siri hadi pwani. Soko lilifungwa, njia zikabaki wazi.

Kwa faili la mtihani, njia ndizo zinazopaswa kuchunguzwa. Zabuni za uchapaji za shule na za serikali hutazama zaidi bei, na hilo ni kosa la kisera ambalo halirekebishwi kwa kununua programu ya kupambana na virusi. Kila mwombaji angetakiwa aeleze kwa maandishi jinsi faili litakavyofika kwake, nani watalifungua, litakaa katika mashine zipi, litafutwa lini na nani atashuhudia, na kengele ikilia usiku nani ataamka. Waombaji wote wakijibu maswali hayo hayo kuhusu kazi ile ile, ulinganisho huanza kuwa na maana. Duka dogo lenye majibu kamili litaweza kuishinda kampuni kubwa isiyo nayo, na ndivyo ipasavyo.

Kwa mitihani mikubwa ipo njia bora zaidi, nayo ni kutunga karatasi mbili zenye uzito sawa na kuzichapa kwa wachapaji wawili wasiohusiana. Ya kwanza ikivuja, ya pili hutumika. Kwa tarakimu zilizotangulia, uwezekano wa zote mbili kuvuja ni 1/50 mara 1/50, yaani 1 katika 2,500. Itasemwa kwamba wino na karatasi vitagharimu maradufu. Lakini gharama kubwa haipo kiwandani. Ipo kwa watungaji, kwa sababu maswali ya karatasi mbili hayawi na uzito sawa kwa kutamaniwa, bali kwa kujaribiwa miongoni mwa wanafunzi, kusahihishwa na kulinganishwa kwa miaka, na huko ndiko fedha za mwanzo zinakopaswa kwenda.