Salio Limeenda Wapi?

Kuna wakati tulifupisha ujumbe wa SMS na tukajipongeza. Ule ujumbe unaoupata baada ya kupokea pesa ulikuwa umezidi herufi 160, kwa hivyo kwa simu nyingine ulikuwa unafika vipande viwili, na mara nyingine kipande cha pili kinatangulia. Tukaukata. Tukaacha jina la aliyetuma, kiasi, tarehe na namba ya muamala. Salio tukaliondoa, maana si kila mtu anaweza kuangalia salio kwa menyu? Kazi ilichukua wiki mbili na ofisini kila mtu alifurahi.

Kufika Jumatatu, simu za huduma kwa wateja hazikunyamaza. Wengi waliopiga walikuwa wafanyabiashara: mama mboga, mwenye bucha, watu wa bodaboda. Swali lao lilikuwa moja tu: "Salio limeenda wapi?" Mama mmoja alitueleza vizuri kuliko ripoti yoyote tuliyowahi kusoma. Alisema kuna matapeli humtumia SMS za uongo zinazofanana na zetu neno kwa neno, ati amepokea elfu mbili, halafu wanataka wabebe mzigo haraka haraka. Yeye hana wakati wa kuingia menyu watu wakiwa wamesimama foleni. Anachofanya ni hesabu ya kichwa: salio la ujumbe uliopita, ongeza pesa iliyoingia, je, inafika salio la ujumbe huu? Tapeli hawezi kujua salio lake. Kumbe yale maneno tuliyoyaona ya ziada ndiyo yaliyokuwa yanamlindia kibanda.

(Tukiwa hapo: angalia pia juu ya ujumbe umetoka wapi. Ujumbe wetu huja na jina la huduma, hauji kutoka namba ya simu ya mtu.)

Kilichotuuma zaidi ni kwamba kampuni ilikuwa inajua. Miaka kadhaa nyuma mwenzetu mmoja ndiye aliyeomba salio liwekwe kwenye ujumbe, baada ya kuketi sokoni na wauzaji na kusikia habari hiyo hiyo. Alipohama kazi, sababu ilihama naye. Kwenye mtambo lilibaki neno "salio" peke yake, bila mtu wa kulitetea.

Tunayasema haya kwa sababu wateja wengi hutuuliza mbona programu inabadilika kila mara, na mbona mabadiliko mengine yanaharibu kitu kilichokuwa sawa. Maoni yetu ni kwamba kubadilisha kidogo kidogo kunafaa, na kuugawa mtambo katika huduma ndogo ndogo kunafaa, lakini kampuni ya pesa ikifanya hayo mawili bila kuandika mteja alihitaji nini na kwa nini, inacheza na pesa za watu.

Mtindo wa kidogo kidogo, watu wa programu wanauita ajaili. Mwaka 2001 waundaji wa programu 17 walikutana jimbo la Utah, Marekani, wakiwa wamechoshwa na miradi ya kujaza makaratasi kwa miezi na miezi kabla mtu hajaona chochote kikifanya kazi. Wakakubaliana kwamba kazi itolewe kwa vipande vifupi, mteja aone, aseme, irekebishwe. Sekta ya pesa ilisitasita kuingia humo na tunaielewa. Ukikosea rangi ya kitufe hakuna anayelala njaa. Ukikosea malipo ya karo, mtoto anarudishwa nyumbani.

Shida ni vile watu wanavyolisoma tamko lao. Lilisema programu inayofanya kazi ina thamani kuliko rundo la nyaraka. Halikusema nyaraka zitupwe. Lakini enda kwa timu nyingi leo uulize kwa nini menyu fulani iko hivyo ilivyo, utaambiwa, "Tuliikuta hivyo."

Halafu kuna huo mgawanyo wa mtambo. Zamani mtambo wa benki ulikuwa kama nyumba yenye bomba moja: ukirekebisha jikoni, bafu linakosa maji. Siku hizi kazi hugawanywa. Huduma moja inatunza salio, nyingine inahesabu ada, nyingine inahakiki PIN, nyingine inatuma SMS. Ikihitaji kitu kwa mwenzake inabisha hodi mlangoni, haiingii ndani kupekua.

Faida yake unaweza kuiona kwa mfukoni. Sheria ya Fedha ya 2023 ilipandisha ushuru kwenye ada za kutuma pesa kwa simu kutoka asilimia 12 hadi 15. Kama hesabu ya ada inakaa pahali pamoja, inabadilishwa mara moja na imekwisha. Kama imenakiliwa kwa menyu ya kabambe, kwa programu ya simu janja na kwa mtambo wa mawakala, kuna moja itakayosahaulika, na siku hiyo watu wawili watatuma pesa sawa na kukatwa ada tofauti.

Lakini mgawanyo huo huo ndio ulituponza kwa ile SMS. Waliokata ujumbe walikuwa timu ya ujumbe. Hawakugusa huduma ya salio hata kidogo, na majaribio yao yote yalipita. Hitaji la yule mama, yaani "nijue kama kweli nimelipwa kabla mteja hajaondoka", halikai ndani ya huduma moja. Linapita kwa kupokea pesa, kwa salio, kwa ujumbe. Kila timu ilishika kipande chake vizuri, na hitaji lenyewe likaanguka katikati.

Dawa yake ina jina refu, usimamizi wa mahitaji, lakini ni kazi ya daftari. Hitaji linapewa namba. Linaandikwa nani alilileta, kwa nini, linapita huduma zipi, na ni jaribio gani litakaloonyesha kwamba bado linatimizwa. Mtu akitaka kugusa mojawapo ya huduma hizo, ile namba inamtokea kabla hajagusa. Daftari hilo linapaswa kutembea na kazi ya wiki mbili mbili. Likifungiwa kabatini ni sawa na kutokuwepo.

Tazama ilivyokuwa Machi 2020. Tarehe 16, corona ikiwa imeingia nchini siku chache tu, Benki Kuu ya Kenya ilitangaza hatua za dharura kwa pesa za simu. Kwa wengi wetu habari ilikuwa moja: kutuma hadi shilingi 1,000 ni bure. Lakini mtu wa mahitaji akisoma lile tangazo anaona mambo kadhaa. Kiwango cha juu cha muamala mmoja kimetoka 70,000 hadi 150,000. Anayetuma 150,000 atalipa ada ile ile ya 70,000. Kikomo cha siku kimepanda hadi 300,000. Na kuna tarehe ya mwisho, ambayo baadaye ilisongezwa hadi 31 Desemba. Kila sentensi inagusa huduma tofauti, na zote zilitakiwa mara moja. Kampuni inayojua ada inahesabiwa wapi na vikomo vinakaa wapi inaweza kufanya kazi hiyo usiku mmoja. Isiyojua inaanza kwa kutafuta. Na hiyo tarehe ya mwisho ndiyo hitaji linalosahaulika kwa urahisi zaidi, kwa sababu siku ya kuanza kila mtu anaangalia ya kuanza.

Kuna wanaosema badala ya usumbufu huu wa kila wiki, si afadhali kujenga kila kitu kabisa halafu kuhamia siku moja? Benki ya TSB ya Uingereza iliwahi kufanya karibu hivyo. Wikendi moja ya Aprili 2018 ilihamisha wateja wake wapatao milioni 5.2 kutoka mtambo wa kundi la Lloyds hadi mtambo mpya. Data yenyewe ilihama sawa. Mtambo mpya ndio ulioshindwa. Watu walifungiwa nje ya akaunti zao, wengine wakaona akaunti zisizo zao, na ilifika Desemba ndipo kazi zikarudi kawaida. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba majaribio ya kupima uwezo wa kubeba mzigo hayakufanywa kwenye vituo vyote viwili vya data, kilipimwa kimoja. Desemba 2022 benki hiyo ilitozwa faini ya pauni milioni 48.65. Ukiuliza hitaji lilikuwa nini, kila mmoja angekujibu: vituo vyote viwili vibebe wateja wote. Mahali pa kulifunga hitaji hilo na jaribio lake ndipo palipokosekana.

Kwa hivyo hatuombi msamaha kwa kubadilisha mara kwa mara. Tunaomba msamaha kwa kubadilisha bila kuuliza, hiyo ndiyo tofauti tunayoitaka ijulikane.

Na historia ya pesa za simu hapa kwetu inaonyesha mahitaji hutoka wapi. M-Pesa ilipojaribiwa mwaka 2005, ilikuwa njia ya watu kulipa mikopo yao midogo. Waliopewa wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Kuna kampuni ambayo ingesema wateja wanatumia vibaya. Waliokuwa wakiendesha lile jaribio walitazama, wakaelewa, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 kazi yake kubwa ilikuwa kutuma pesa nyumbani. Hakuna aliyejaza fomu ya kuomba hilo. Lakini mtu aliona, na mtu aliandika.

Sasa wewe unaingia wapi? Ukipiga simu kulalamika, usiseme tu "huduma yenu ni mbaya". Ni haki yako kusema hivyo, lakini haitusaidii kukusaidia. Tuambie saa, kiasi, ulikuwa unatumia menyu au programu, ulitarajia nini na ukapata nini. Na zaidi ya yote, tuambie ulikuwa unajaribu kufanya nini. Yule mama angesema tu "rudisheni salio", tungemwelekeza kwa menyu na kukata simu. Alisema "najikinga na matapeli", na hapo ndipo tuliposikia. Kisha omba namba ya lalamiko lako, hata kama limetatuliwa papo hapo. PIN usiitaje, hata kwetu. Hakuna lalamiko linaloihitaji.

Usishangae pia ukijibiwa hapana. Wapo wanaotaka ujumbe mfupi na wapo wanaotaka kila kitu kiwe ndani, na herufi ni zile 160. Mtu atakosa. Tunachoona ni haki ni yule anayekosa aambiwe kwa nini, na sababu ibaki pahali panaposomeka hata sisi tukishaondoka.

Salio tulilirudisha. Ilichukua muda mrefu kuliko kuliondoa, kwa sababu ilibidi tupunguze maneno mengine: tulitoa salamu, tukafupisha tarehe, tukatoa tangazo letu la mwisho wa ujumbe (idara yetu ya mauzo haikufurahi, na hiyo idara ni sisi). Kabla ya kuutoa kwa kila mtu, tuliupeleka kwa wauzaji wachache wautumie wiki nzima. Mmoja akasema namba ya salio inakaa karibu mno na kiasi kilichoingia, mtu mwenye haraka anaweza kuchanganya. Tukaisogeza mwisho.

Hitaji hilo sasa lina namba, na chini yake tumeandika: muuzaji hulinganisha salio kugundua ujumbe wa uongo, usiondoe bila kuzungumza na wauzaji.