China ina mfalme? Acheni hizo!

Magazeti ya Kiingereza yakiandika habari za China, mara utakuta "Middle Kingdom", yaani Ufalme wa Kati. Ufalme gani? Mfalme wa mwisho aliachia kiti 1912! Wenyewe wanaiita Zhongguo: zhong ni kati, guo ni nchi tu. Marekani wanaiita Meiguo, guo ileile, mbona hakuna anayeandika ufalme wa Marekani?

Sisi huku Chiungutwa inatuhusu nini? Inatuhusu sana. Reli ya TAZARA, 1970 mpaka 1975, ilijengwa kwa mkopo wa China usio na riba. Mkopo, siyo zawadi ya mfalme! Ukishajazwa picha ya mfalme, unaona ama hisani ama njama, masharti huyaulizi. Tuandike China, halafu tuulize: mkataba unasemaje?

Wadau, mnaonaje?