Venom na zile dola 220

Jamani, kila nikifungua intaneti naona sanamu nyingine ya Venom inakuja, na komiki nyingine yenye majalada chungu nzima ya hadithi ile ile moja. Haya, nunueni. Lakini kabla hamjatoa pesa, mjueni Randy Schueller.

Mwaka 1982 huyu alikuwa msomaji tu wa Spider-Man. Aliwaandikia Marvel akipendekeza shujaa wao avae nguo nyeusi. Wakamlipa dola 220, basi. Nguo nyeusi ikatoka 1984, ikageuzwa kiumbe hai kutoka sayari ya mbali, na 1988 kiumbe hicho kikamvaa Eddie Brock. Huyo ndiye Venom. Filamu ya 2018 peke yake iliingiza zaidi ya dola milioni 850.

Mtaniambia aliuza kwa hiari, na kwamba Venom mwenyewe aliumbwa na David Michelinie na Todd McFarlane. Kweli kabisa, sheria haina neno. Lakini mimi naandika programu za kulipwa mara moja (ukishatia sahihi, wakiuza nakala milioni wewe huna chako), kwa hivyo hesabu hii naijua. Boksi lenye nafasi ya kuandikwa "toleo maalumu" kwa herufi kubwa haliwezi kukosa nafasi ya jina la Schueller. Mpaka nilione hapo, sanamu yao wabaki nayo.